Lori linalolala upande: upepo unaovuja, nani alipie?

Kila ajali kubwa inapotokea kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, mambo huwa yale yale. Siku ya kwanza ni rambirambi. Siku ya pili wakubwa wanatoa kauli kwamba madereva wazembe watakiona cha mtema kuni. Siku ya tatu polisi wa trafiki wamejaa Mazeras, Mariakani na Maungu, malori yanasimamishwa na madereva wanaulizwa karatasi: leseni, bima, cheti cha ukaguzi, kidhibiti mwendo. Baada ya wiki mbili operesheni imekwisha, na malori yanaendelea na safari zake kama kawaida.

Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari pamoja na nyingine za magari ya biashara, na wananchi wakaitwa kutoa maoni. Mengi yaliyosemwa yalihusu ada: nani atalipa, kiasi gani, na vituo vya watu binafsi vitaruhusiwa au la. Hayo ni maswali ya haki. Lakini sisi tunaoishi kando ya barabara hii, Changamwe, Miritini, Jomvu, Bonje hadi Mariakani, tuna swali letu ambalo karatasi haliwezi kulijibu. Lori linalotoka bandarini usiku huu na kontena la futi 40 mgongoni, je, upepo wake unakaa?

Huenda msomaji akaona ni swali la mafundi. Mimi naliona ni swali la siasa ya uchukuzi wetu. Nimekaa karani katika yadi ya malori upande wa Changamwe kwa miaka kadhaa, kazi yangu ikiwa ni kuandika spea zinazotoka na malalamiko ya madereva yanayoingia. Lalamiko lililojaza daftari kuliko yote lilikuwa la maneno mawili: “Upepo unavuja.” Na jibu lililotolewa mara nyingi kuliko yote, kutoka kwa matajiri wa kila aina, lilikuwa: “Nenda hivyo hivyo, utaangaliwa ukirudi.”

Upepo unafanya kazi gani

Tuelezane kwanza, kwa sababu wengi wetu tunajua upepo wa tairi tu. Lori kubwa la siku hizi linaishi kwa upepo. Kuna kompresa inayozungushwa na injini. Inavuta hewa, inaikandamiza na kuisukuma kwenye draya, chombo cha kuondoa unyevu, kisha hewa hiyo inaingia kwenye matangi yaliyofungwa chini ya chasisi. Kutoka hapo inagawanywa. Sehemu kubwa ni ya breki. Sehemu nyingine ni ya springi za upepo, ile mifuko minene ya mpira mweusi inayoonekana baina ya ekseli na chasisi badala ya zile springi za vyuma zilizopangwa kama majani. Mifuko hiyo ndiyo inayobeba mzigo.

Nani anaiambia mifuko ijae kiasi gani? Ni valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, yenye mkono mwembamba uliounganishwa na ekseli. Lori likipakiwa, chasisi inashuka, mkono unainuka, valvu inafunguka na upepo unaingia mifukoni mpaka lori lirudi kimo chake. Mzigo ukishushwa, chasisi inapanda, mkono unashuka, na valvu inatoa upepo nje. Wakati kimo kiko sawa, valvu inatakiwa inyamaze kimya.

Sasa tazama mfuko mmoja ukitoboka. Upepo unatoka, lori linashuka upande huo, mkono wa valvu unainuka, na valvu, kwa uaminifu wake wote, inaomba upepo zaidi kutoka tangini. Inaendelea kujaza ndoo iliyotoboka. Kompresa, ambayo ilitakiwa kujaza matangi kisha ipumzike, haipumziki. Inapata moto, inatupa mafuta ndani ya paipu, draya inalowa, na maji yanaanza kuingia kwenye matangi na valvu za breki. Kwetu Pwani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hewa yetu ina unyevu mwingi na chumvi ya bahari inakula vyuma na viungo vya paipu haraka kuliko bara. Ndiyo sababu dereva mzoefu hufungua koki za matangi kila siku akamwaga maji.

Watengenezaji waliliona hilo. Kuna valvu ya ulinzi ambayo presha ikishuka mno inafunga njia ya springi na matumizi mengine, ili breki zibaki na akiba yake. Ni kinga nzuri, madamu iko na inafanya kazi. Lakini lori lililokuja hapa likiwa limetumika ng'ambo miaka sita au saba, kisha likatembea Malaba na Kampala miaka kumi, likabadilishwa paipu na fundi huyu na yule, nani ameipima valvu hiyo mara ya mwisho? Cheti cha ukaguzi hakikuambii.

Kuvuja kunatafutwa vipi

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Kutafuta mahali panapovuja hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kunahitaji sehemu tambarare, ukimya, maji ya sabuni, na muda wa nusu saa hadi saa moja. Nimewatazama mafundi wazuri wakifanya kazi hiyo, na utaratibu wao ni mmoja, awe ni wa gereji kubwa au wa jua kali.

Fundi mzuri anaanza kabla ya kushika spana. Anamuuliza dereva: lori lililala vipi usiku? Asubuhi geji zilisoma ngapi? Majibu hayo mawili yanampunguzia nusu ya kazi. Lori likikutwa asubuhi limesimama kimo chake lakini geji zimeshuka, aghalabu mwanya uko nyuma ya valvu ya kimo, yaani kwenye matangi, draya, paipu kubwa au breki. Likikutwa limelala chini, basi mashaka ya kwanza ni mifuko, paipu zake au valvu ya kimo yenyewe. Likilala upande mmoja, si lazima mfuko mbovu uwe wa upande huo. Magari mengi yana valvu moja inayolisha pande zote mbili, na mfuko mmoja ukivuja unaweza kuwamaliza wenzake. Mwenye haraka ananunua mfuko mpya wa upande ulioinama, anaufunga, na kesho lori linalala tena.

Kisha anaweka magogo kwenye magurudumu, anawasha injini mpaka presha ijae. Wakati huo draya inapiga chafya moja kubwa, “pshaa!”, kisha inanyamaza. Hiyo ni kawaida, ndivyo inavyotapika maji. Ikiendelea kupumua baada ya chafya, ugonjwa mmoja umeshajulikana. Baada ya hapo injini inazimwa, breki ya mkono inaachiliwa, na macho yanakuwa kwenye geji na saa. Marekani, mtu anayefanya mtihani wa leseni ya lori lenye trela anatakiwa kuonyesha kwamba presha haishuki zaidi ya psi 3 kwa dakika breki zikiwa zimeachiliwa, na psi 4 kwa dakika akiwa amekanyaga pedali. Anapimwa dereva mwenyewe, na bila kupita kipimo hicho hapati leseni. Hapa kwetu ni madereva wangapi wamewahi kuonyeshwa kipimo hicho, acha kuulizwa?

Sasa kazi ni kutenganisha. Presha ikishuka taratibu bila pedali kukanyagwa na ikaanza kuporomoka pedali inapokanyagwa, tatizo liko upande wa breki: ngozi ya mpira ndani ya chemba imechanika au valvu ya pedali imechoka. Ikiwa hali ni ile ile, linafuata trela. Zinafungwa na kuondolewa zile paipu za kusokotana baina ya kichwa na trela, na geji inatazamwa tena. Presha ikikaa, ugonjwa uko kwenye trela, na kichwa hakina haja ya kufunguliwa hata nati moja. Ikiendelea kushuka, upepo wa springi za kichwa unatolewa wote kwa swichi yake. Geji ikitulia baada ya hapo, mwizi amepatikana, yuko kwenye springi.

Ndipo yanapokuja maji ya sabuni. Fundi anapaka au kunyunyiza kwenye kila kiungo, pole pole, akianzia mahali ambapo uzoefu unamwambia. Kwenye mfuko anatazama pale mpira unapojikunja chini, kwani ndipo unapochanika na ndipo mchanga na vijiwe vinapokwama vikausaga. Anatazama kama tairi au chuma kinaugusa mfuko. Anatazama sahani ya juu inapokutana na mpira, ambapo kutu inakula bila kuonekana. Anafuata paipu za plastiki kwa mkono, hasa zinapopita juu ya chasisi au kufungwa pamoja na waya, kwa kuwa hapo zinasuguana mpaka zinatoboka tundu la sindano. Povu likikaa tuli, salama. Povu likijijenga na kukua kama pulizo la mtoto, hapo ndipo.

Valvu ya kimo inapimwa kwa kufungua mkono wake. Ukiinuliwa, upepo unatakiwa uingie mifukoni. Ukishushwa, utoke nje. Nyingine zinachelewa sekunde chache kabla ya kuitika, na hilo si kosa. Ukiachwa katikati, unatakiwa usisikie kitu. Ikipumua hapo katikati, valvu imekufa. Na mara nyingi valvu ni nzima kabisa, ila kifimbo chake kimepinda au kimekatika, kikafungwa kwa waya. Malori mapya yana vitambuzi vya umeme badala ya kifimbo, na hayo yanahitaji kompyuta ili kusoma kimo. Lakini mfuko ni mfuko na paipu ni paipu, sabuni inawafichua wote.

Neno moja la tahadhari kwa vijana wetu wanaojifunza kazi hii mtaani. Usiingie chini ya lori linaloshikiliwa na upepo pekee. Mfuko ukipasuka au mkono wa valvu ukiguswa, chasisi inashuka ghafla na haina huruma. Weka vyuma vya kushikilia chasisi kwanza. Usifungue paipu yenye presha. Na usiweke vidole baina ya mfuko na chuma kwa sababu ya kutafuta tundu.

Kuziba, na kutibu

Hayo ndiyo matibabu yanayostahili. Yanayofanyika barabarani ni mengine. Mfuko wa trela umepasuka Taru saa saba za usiku, tajiri anasema kwenye simu mzigo unangojwa. Dereva na tanboi wake wanaipinda paipu ya mfuko ule na kuifunga kwa mpira wa tyubu, au fundi wa Maungu anaiziba kwa boliti. Upepo hautoki tena. Geji zinapanda. Lori linaondoka.

Lakini mzigo haukuziba. Mzigo uko pale pale. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, lori la ekseli 6 linaruhusiwa tani 50: ekseli ya usukani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa 18, na tatu za trela 24. Kila ekseli ya trela basi inabeba tani 8, na kazi ya springi za upepo ni kuwagawia wote watatu sawa, kwa kuwa mifuko imeungana. Ukiiondoa ekseli moja kazini, tani zile 24 zinawaangukia wawili waliobaki. Kila mmoja anakaribia 12 badala ya 8.

Hesabu hiyo ina majirani. Wa kwanza ni tairi: zinachemka, na kwenye lami ya Manyani saa nane mchana hazihitaji kusukumwa ili zipasuke. Wa pili ni barabara yenyewe. Wahandisi wa barabara, tangu majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, wanakadiria kwamba madhara ya ekseli kwa lami yanakua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ukiongeza uzito kwa nusu, madhara hayaongezeki kwa nusu, yanafika kama mara tano. Wa tatu ni mizani. Lori lililopakiwa kihalali bandarini, uzito wake wote ukiwa ndani ya sheria, linaweza kufika Mariakani likakutwa na ekseli iliyozidi. Dereva anaapa kwamba hakuongeza hata gunia, na kweli hakuongeza. Upepo ndio uliohamisha mzigo.

Wa nne ni breki, na hapa naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila lori lililopoteza mwelekeo lilikuwa na mfuko uliotoboka. Nasema kwamba breki na springi zinakunywa kisima kimoja. Dereva anayeteremka mlima na kukanyaga mara kwa mara, au aliyekwama kwenye foleni ya Jomvu akisogea hatua kwa hatua, anatumia upepo kila mguu unaposhuka. Kompresa yenye afya inamrudishia. Kompresa ambayo tayari inalisha tundu inamrudishia kidogo na kwa kuchelewa. Presha ikishuka mno, springi za chuma ndani ya chemba za breki zinajifunga zenyewe na magurudumu yanakamata. Hiyo nayo ni kinga, ila lori lililojifunga katikati ya barabara usiku, bila taa za kutosha, ni ukuta unaomngojea mwenye matatu.

Mzigo wa mwenzio

Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesema “nenda hivyo hivyo” yuko kitandani. Anayekwenda ni dereva.

Tazama gharama zinavyogawanywa. Lori likisimama nusu siku yadini kutafutwa tundu, tajiri anapoteza nusu siku. Hilo analiona kwenye daftari lake jioni ile ile. Lakini lori likikwama Mackinnon Road, anayelala chini yake ni dereva na tanboi. Likizidi ekseli Mariakani, anayesimama mbele ya askari ni dereva. Wengi wanalipwa kwa safari, kwa hivyo kila saa ya gereji ni saa isiyo na riziki hata kwao wenyewe, na ndiyo sababu baadhi yao wanaacha kulalamika. Likiua, anayeshtakiwa kwanza ni dereva, kama yuko hai. Mfumo wenye hesabu kama hiyo hauwezi kuzaa ukaguzi wa kweli hata ukiandika kanuni za kurasa mia.

Haki ni lazima isemwe pande zote. Matajiri wengi wa Pwani si makampuni makubwa. Ni watu wenye lori moja au mawili, mengine yamenunuliwa kwa mkopo. Tangu reli mpya ianze kubeba makontena mwaka 2018 na amri zilizoelekeza mizigo kwenye reli hiyo, wenye malori walipata pigo ambalo Changamwe na Miritini inalikumbuka vyema: gereji zilifungwa, mikahawa ilifungwa, vijana walirudi nyumbani. Mwezi Septemba 2022 Rais Ruto alirudisha shughuli za kutoa mizigo hapa Mombasa na malori yakapata nafasi tena. Lakini aliyetoka kwenye deni anarudi kazini kwa lori lile lile la zamani, na spea ya asili ni ghali. Simlaumu kwa umaskini wake. Namlaumu anapoufanya umaskini wake kuwa hatari ya mtu mwingine.

Na sheria haiko kimya kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi kumripotia msimamizi wake hatari kubwa anayoiona kazini, na mpaka hatua ichukuliwe, mwajiri hatakiwi kumlazimisha arudi mahali penye hatari hiyo. Kwa dereva, mahali pa kazi ni lori. Lakini haki isiyoandikwa popote siku hiyo ni haki ya mdomo. Dereva akisema kwa simu na tajiri akajibu kwa simu, kesho hakuna aliyesema.

Tufanye nini

Kwanza, kipimo cha upepo kifanyike yadini kabla lori halijaenda kupakia, si baada ya kontena kukaa mgongoni. Lori tupu linaweza kungojea. Lori lenye kontena lina meli nyuma yake, wakala wa forodha mbele yake, na simu za mwenye mzigo kila dakika kumi. Ukilikagua wakati huo, jibu limeshaamuliwa.

Pili, kipimo hicho kiandikwe. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, presha ya kuanzia, presha baada ya dakika kadhaa, jina la aliyepima, sahihi ya dereva na ya msimamizi. Likiandikwa “unavuja” na chini yake mtu akatia sahihi “aende”, basi siku ya mahakamani tutajua nani alisema nini. Madereva wenyewe, kupitia vyama vyao, hawahitaji kungojea Bunge kwa hili. Picha ya geji kwa simu, yenye saa na tarehe, ni ushahidi.

Tatu, kanuni mpya za ukaguzi ziwe na kipimo cha upepo chenye nambari, kama zile psi 3 na 4 za wenzetu, na kifanyike kwa saa mkononi, kwa kichwa na trela pamoja. Trela isiachwe nje kama kwamba ni mkia tu. Trela ndiyo inayobadilishana vichwa, ndiyo isiyo na dereva wake wa kudumu, na ndiyo inayosahauliwa. Na kama vituo vya watu binafsi vitapewa leseni, basi mwenye kituo asiwe ndiye mwenye malori.

Nne, mizani ya Mariakani itumike kama daktari pia, si askari pekee. Lori ambalo uzito wake wote uko sawa lakini ekseli moja ya trela imelegea na wenzake wamezidi, linaeleza ugonjwa wake lenyewe. Liwekwe kando, litazamwe mifuko, litengenezwe, lipimwe tena. Ukilitoza faini na kuliacha liende, umechukua pesa na kuacha hatari barabarani.

Tano, vyuo vyetu vya ufundi hapa Pwani vifundishe somo hili kwa vijana wanaokaa kando ya barabara ya malori mengi kuliko zote nchini. Kijana wa Mikindani anayejua kutenganisha kichwa na trela, kusoma geji na kufuata povu, ana kazi mkononi kesho asubuhi. Leo wengi wanajua kubadilisha mfuko tu. Kujua ni mfuko upi, na kama kweli ni mfuko, ndiyo elimu yenyewe.

Watu wa mwambao hatufundishwi na mtu habari ya kuvuja. Nahodha hapakii jahazi ambalo halijakalafatiwa, na baharia akisema maji yanaingia, hakuna anayemwambia atayafuta wakirudi. Lori linaloteremka Mazeras na tani 50 lina watu wengi zaidi njiani kuliko jahazi lolote. Kwa hivyo rasimu ya kanuni itakaporudi kwetu kwa maoni, tusiulize ada pekee. Tuulize upepo utapimwa wapi, kwa nambari gani, na sahihi ya nani.